Reli, nyota na slaidi za Mama Katibu

Kuna alama mbili ambazo karibu kila Mtanzania mwenye simu anazijua, hata kama hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake: nyota na reli. Ukitaka kumtumia bibi pesa ya mbolea unabonyeza nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na sikumbuki wakulima wakipelekwa semina ya kufundishwa reli ni nini. Mtu alioneshwa mara moja na jirani, basi, yakaisha.

Leo nataka tuzungumze habari ya slaidi. Ndiyo, hizi hizi za kwenye projekta. Hoja yangu ni kwamba reli na nyota, ukiongeza na kistari, zinatosha kutengeneza slaidi za mkutano mzima bila kuandika programu na bila kuhangaika na kipanya. Utaniuliza: mwandishi wa habari wa gazeti na slaidi wapi na wapi? Subiri kidogo, nitafika. Jambo lenyewe nimelipata Wilaya ya Nyasa, kando ya ziwa, mahali ambapo sikwenda kutafuta habari za kompyuta kabisa.

Tuanze na tunachokijua sote. Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987, ikitengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, ambako Robert Gaskins ndiye aliyekuwa na wazo hilo. Mwaka huo huo Microsoft wakainunua kampuni kwa dola milioni 14. Tangu hapo binadamu tumekalishwa kwenye viti vya plastiki tukisomewa ukutani maneno ambayo tunayaona wenyewe. Nikiwa chuoni nilimwona mwenzangu akimaliza usiku mzima akichagua namna herufi zitakavyoingia kwa kuzunguka kama tiara. Asubuhi mhadhiri akamwuliza swali moja tu kuhusu utafiti wake, akakosa jibu. Tiara ilizunguka vizuri lakini.

Hiyo ni njia ya kwanza, ya kubofya na kuburuta. Njia ya pili ni ya mafundi: kuandika msimbo. Vijana wa kompyuta wanauita kodi, isije ikakuchanganya na ile ya TRA. Kwa mfano, kwenye lugha ya Python kuna kifurushi kiitwacho python-pptx. Ukitaka slaidi moja yenye kichwa cha habari kimoja, unaiambia kompyuta: leta kifurushi, fungua wasilisho jipya, chagua muundo, ongeza slaidi, kamata sehemu ya kichwa, weka maneno, hifadhi. Wengine wanatengeneza slaidi kama ukurasa wa wavuti kwa lugha ya JavaScript, maneno yako yakiwa yamefungiwa ndani ya mabano na alama za nukuu. Inafanya kazi, tena vizuri sana, hasa ukitaka slaidi mia tano zenye takwimu za kata mia tano. Lakini ukisahau mkato mmoja, ukuta unabaki mweupe.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitaka leo. Unaandika maandishi ya kawaida kabisa, kama unavyoandika ujumbe, ila unaweka alama chache za kusema hiki ni kichwa, hiki ni kipengele, hili ni neno zito. Kisha kuna programu inayoyasoma hayo maandishi na kukutolea slaidi. Wewe huiambii kompyuta ifanye nini hatua kwa hatua. Unaiambia kitu ni nini tu, mengine inajua yenyewe.

Hapa ndipo sisi watu wa magazeti tunapoingia. Mambo ya kutia alama kwenye maandishi hayakuzaliwa kwenye kompyuta, yalizaliwa kwenye chumba cha habari na kwenye kiwanda cha uchapaji. Kabla ya kompyuta mhariri alikuwa na kalamu. Akipiga mstari mmoja chini ya neno, mchapaji anajua ni herufi za mlazo. Mstari wa mawimbi, herufi nzito. Mistari mitatu, herufi kubwa. Mhariri hakushika risasi za uchapaji wala hakujua mashine inawashwa wapi. Alisema tu hiki ni nini, mchapaji akafanya. Wazo ni hilo hilo, uwe unachapisha gazeti London au kitabu cha dini pale Peramiho, upande wa Songea, ambako Wabenediktini walikuwa na uchapaji wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wazo hilo likaingia kwenye kompyuta. Mwaka 1967 Mmarekani William Tunnicliffe alisimama mbele ya watu wa uchapaji wa serikali ya Kanada akapendekeza kwamba yaliyomo kwenye andiko yatenganishwe na namna yanavyoonekana. Mwaka 1969 Charles Goldfarb na wenzake wawili pale IBM, Edward Mosher na Raymond Lorie, wakaanza kutengeneza lugha ya alama waliyoiita GML. Ikazaa SGML, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na kwenye ukoo huo huo akapatikana HTML wa Tim Berners-Lee, ambaye ndiye kurasa zote za wavuti unazosoma. Halafu mwaka 2004 John Gruber, akisaidiwa na Aaron Swartz, akatoa Markdown, ambayo alama zake ni zile ambazo watu walikuwa tayari wanaziandika kwenye barua pepe: reli, nyota, kistari. Kwa upande wa slaidi, Till Tantau alishatoa Beamer mwaka 2003 kwa ajili ya wanasayansi, Eric Meyer akatoa S5 mwaka 2004, Dave Raggett akafuata na Slidy mwaka 2005, na Hakim El Hattab akaja na reveal.js mwaka 2011. Katikati ya hao wote, mwaka 2006, profesa mmoja wa falsafa, John MacFarlane, akatoa programu ya bure iitwayo Pandoc, inayogeuza andiko lenye alama kuwa karibu kitu chochote unachotaka, slaidi zikiwemo. Profesa wa falsafa, jamani! Sisi wa fani za sanaa tusijidharau.

Sasa twende Nyasa.

Nilitumwa kufuatilia habari za kahawa Mbinga. Kahawa ya arabika ndiyo maisha ya milima ya Umatengo, na ukifika msimu wa kuuza, hakuna mazungumzo mengine mjini. Nilipomaliza nikaamua kushuka ziwani. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay siku hizi ni ya lami, na wale waliowahi kuipita wakati wa tope watakuambia maana ya neno hilo. Unaanza juu kwenye baridi ya sweta, unateremka kona baada ya kona, na kule chini unakuta joto, miembe na maji yasiyo na ng'ambo. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika na kina chake kinafika karibu mita 700. Nyasa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012 ilipotangazwa wilaya inayojitegemea. Kaskazini kidogo mwa Mbamba Bay kuna Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Ukiwa njiani kuteremka, tazama pembeni. Utaona ngoro. Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali ambayo sehemu nyingine udongo ungekuwa umeshafika ziwani zamani. Wanakata majani, wanayapanga kwa mistari inayokatizana kama daftari la hesabu, halafu wanachimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya majani hayo. Panabaki shimo katikati na kuta pande zote. Mvua ikija, maji yanatua shimoni badala ya kuporomoka na shamba. Mazao yakishaota huyaoni tena yale majani, lakini ndiyo yaliyoamua kuta zikae wapi. Nilipokuwa napita sikuwaza slaidi. Nimewaza baadaye, na naona hakuna maelezo bora ya alama ndani ya andiko kuliko hayo.

Katika kijiji kimoja kati ya Mbamba Bay na Liuli kuna kikundi cha wanawake wanaokausha na kuuza dagaa. Sitakitaja jina, wenyewe hawakuja mjini kutafuta umaarufu. Zamani walianika mchangani kama wengi wanavyofanya. Dagaa wa mchangani unamtafuna na mchanga wake, na mnunuzi wa Songea anajua hivyo, bei inashuka. Sasa wanaanika kwenye vichanja, yaani meza za miti zenye wavu juu. Tatizo ni mvua. Ikinyesha siku mbili mfululizo, dagaa waliolala kwenye kichanja wanaharibika, na mtaji unaharibika nao. Wanataka vichanja vyenye paa.

Nilifika wakiwa kwenye pilikapilika. Walikuwa wamealikwa kwenye kikao Mbamba Bay kujieleza, maana walikuwa wameomba mkopo wa halmashauri. Hii ni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mfumo wa 4-4-2, ila huu hauna kocha. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na iliporudi mwaka 2024 maswali ya ukaguzi yakawa mengi zaidi, na ni haki, kwa sababu zipo fedha zilizokwenda kwa vikundi hewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye mwandishi? Unajua kompyuta?"

Ndivyo alivyonipokea katibu wa kikundi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hata maji sikuwa nimepewa.

Kumbe kikundi kina slaidi zake. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja aliyekuja na mradi aliwatengenezea wasilisho zuri kwelikweli kwenye laptopu ya kikundi. Picha zinateleza, mawimbi yanapita, jina la kikundi linaibuka kutoka majini. Lote limeandikwa kwa JavaScript. Kila mgeni akija wanamwonesha. Mradi ukaisha, kijana akaondoka, na tangu siku ile ukuta unasema kikundi kina wanawake 14. Wakati huo daftari la wanachama lina majina 31, na fomu waliyopeleka halmashauri imeandikwa 31.

Umeliona tatizo? Mbele ya kikao kinachotafuta vikundi hewa, karatasi inasema 31 na ukuta unasema 14. Mama Katibu aliliona kabla yangu. Mjukuu wa mwanachama mmoja, anayesoma kidato cha nne, alijaribu kubadilisha namba. Alifuta na kimkato pembeni yake bila kujua. Ukuta ukawa mweupe. Wakarudisha nakala ya zamani kutoka kwenye flashi na kuapa kutoigusa tena.

Nikafungua lile faili. Namba 14 niliiona kwa dakika mbili, nikamwambia mama, hii naibadilisha sasa hivi, kazi imekwisha. Akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia watoto wa darasa la nne.

"Utanibadilishia leo. Na ukiondoka?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ndugu msomaji, swali lile ndilo lililonifanya niandike haya yote. Kikundi kilikuwa na wasilisho ambalo si lake. Taarifa zilikuwa zao, picha zao, jasho lao, lakini funguo alikuwa nazo mtu mwingine, na mimi nilikuwa najiandaa kuwa mtu mwingine wa pili.

Nikamwambia: mama, hebu andika unachotaka kukisema, kwenye simu yako, kama unavyoandika ubaoni. Akaniuliza ubaoni kivipi. Nikamwambia kichwa cha habari, kisha vipengele. Akaandika. Nilipoangalia, kichwa cha habari alikipigia mstari chini kwa safu ya alama za sawasawa, na vipengele alivianza kwa vistari, kama alivyofanya ubaoni miaka yote. Huwezi kuamini, lakini hiyo tayari ni Markdown halali. Safu ya alama za sawasawa chini ya mstari ni njia mojawapo ya kusema hiki ni kichwa. Nikamwonesha njia fupi, ya reli, akacheka: "Hii si ile ya kutumia pesa?" Ndiyo hiyo hiyo, mama.

Baada ya kusahihisha na kubishana, sehemu ya andiko lake ilikuwa hivi:

# Sisi ni nani
- Kikundi cha wanawake 31
- Tunakausha dagaa kwenye vichanja

# Shida yetu
- Mvua ikinyesha dagaa wanaoza
- Tukirudi mchangani bei inashuka

# Tunachoomba
- Mkopo wa kujenga vichanja vyenye paa

Ndiyo hivyo tu. Kila penye reli ni slaidi mpya. Kila kistari ni kipengele. Nyota mbili huku na mbili huku ni herufi nzito. Nikapakua Pandoc kwa bando la simu yangu, nikaiweka kwenye laptopu ya kikundi, na kazi yote ya kugeuza ikawa amri ya mstari mmoja:

pandoc mada.md -o mada.pptx

Kikao kingetumia laptopu ya ofisi, kwa hiyo tukatoa faili la PowerPoint ambalo ofisi yoyote inafungua. Amri yenyewe nikaiweka kwenye faili dogo kwenye dawati la kompyuta, akilibofya mara mbili linafanya kazi. Halafu nikakaa pembeni na mikono nikaiweka mfukoni. Mama akafungua andiko, akaongeza kipengele kuhusu marejesho, akahifadhi, akabofya. Slaidi mpya ikawepo. Akafuta kipengele, akabofya. Kikaondoka. Akarudia mara nne au tano, si kwa sababu kulikuwa na cha kubadilisha, nadhani alitaka kuhakikisha kwamba kompyuta inamtii yeye.

Mawimbi na jina la kuibuka majini havikuwepo tena. Wanachama wawili walilalamika, na mimi naona walikuwa na haki. Uzuri nao ni kitu. Lile faili la kijana tumelihifadhi kwa ajili ya sherehe.

Na hapa niwe mkweli nisije nikaonekana mhubiri. Njia hii ina mapungufu yake. Ukiandika vipengele vingi mno, Pandoc haitakugawia slaidi, maneno yanashuka mpaka yanatoka nje ya ukuta. Kuweka picha ni mstari mmoja tu, lakini kuamua ikae kona ipi ni shughuli. Ukitaka rangi za taasisi yako lazima uandae faili la mfano. Ukikosea amri, kompyuta inakugombeza kwa Kiingereza. Ukitumia reveal.js badala ya PowerPoint, ujue kwamba kwa kawaida slaidi hizo huvuta vifaa vyake kutoka intaneti, kwa hiyo ni lazima uiambie Pandoc ifungashe kila kitu ndani ya faili moja ukiwa bado na mtandao, la sivyo utafika kijijini uoneshe maandishi matupu. Na mwenye grafu za kusogea, au mwenye takwimu zinazobadilika kila saa, huyo aandike msimbo, hana njia nyingine. Juu ya yote, slaidi mbovu iliyoandikwa kwa reli bado ni slaidi mbovu.

Lakini angalia faida zake kwa mazingira yetu. Andiko zima la Mama Katibu ni dogo kuliko picha moja ya simu, linapita hata pale mtandao unapochechemea. Linaandikwa kwenye simu yoyote yenye sehemu ya kuandika. Umeme ukikatika na projekta ikazima, bado linasomeka lilivyo, kwenye simu au kwenye karatasi, kwa sababu alama zake hazizuii jicho. Jaribu kusoma msimbo wa JavaScript mbele ya kikao uone watu watakavyokutazama. Na miaka ishirini ijayo, hata kama Pandoc itakuwa imekufa na kuzikwa, maandishi yatafunguka.

Kuna na suala la lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa KiLinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima: kila kitufe, kila menyu, kila onyo, litafutiwe neno. Shida ya menyu ni kwamba toleo jipya likija unaanza tena. Msimbo nao maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza. Lakini reli haina cha kutafsiriwa. Mmatengo, Mnyasa, Mjerumani na Mmarekani wote wanaandika reli moja, na kinachofuata baada yake kinakuwa lugha yao wenyewe. Kwa mwalimu mstaafu wa kando ya ziwa hiyo ilimaanisha kwamba hakulazimika kujifunza Kiingereza cha mashine ili aseme dagaa wanaoza.

Siku ya kikao nilikwenda kama mwandishi, nikakaa nyuma. Projekta ilifanya kazi, tena vizuri. Slaidi zilikuwa nyeupe zenye maandishi meusi, za kawaida kabisa pengine kuliko zote zilizooneshwa siku ile. Afisa mmoja akauliza swali ambalo nililitegemea: "Mama, mwaka juzi tulipokuja mlisema mko 14. Leo 31. Hao wengine wametoka wapi?"

Mama hakuangalia ukuta. Alieleza nani aliingia lini na kwa kiingilio kipi, na daftari likapita mkono kwa mkono. Kisha afisa akataka marejesho yaoneshwe kwa mwezi badala ya msimu, maana ndivyo fomu zao zilivyo. Wakati wa chai nilimwona mama kwenye kona na ile laptopu, miwani imeshuka puani, anaandika. Sikusogea. Kikao kiliporudi kulikuwa na slaidi moja zaidi, yenye kosa la herufi kwenye neno "Septemba". Hakuna aliyejali.

Mkopo? Naandika haya majibu bado hayajatoka. Inawezekana wakapata, inawezekana wakanyimwa kwa sababu nzuri au mbaya. Slaidi hazijengi paa la kichanja, na mimi sikuja hapa kuwaambia kwamba reli tatu zitaondoa umaskini Nyasa. Nasema jambo dogo zaidi ya hilo. Kikundi kile kikinyimwa, hakitanyimwa kwa sababu ukuta ulisema uongo ambao wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuufuta.

Nchi hii imejaa mafaili ya namna ile ya kwanza. Tovuti ya kikundi ambayo nywila anayo mtu aliyehamia Mwanza. Mfumo wa zahanati ambao fundi wake hapokei simu. Takwimu za kijiji zilizofungwa kwenye programu ambayo leseni imeisha. Tunafurahi siku ya uzinduzi, tunapiga picha na mgeni rasmi, na mwaka unaofuata hatuwezi kubadilisha hata jina la mwenyekiti. Kwa hiyo mtu akikuletea kitu kizuri cha kompyuta, kijijini au mjini, kabla ya kupiga makofi muulize swali la Mama Katibu: na ukiondoka?

Kazi kwenu, wadau. Mimi narudi kwenye kahawa, mhariri anapiga simu.